Usukani Mapajani

Muuguzi alikuwa ametoka zamu na alichotaka ni kusinzia tu ndani ya basi, lakini kiti cha mbele yake kilikuwa na maneno. Mama mtu mzima alikuwa amepakata usukani wa gari aliokuwa akiupeleka kuvalishwa ngozi upya, na mzee aliyeketi naye, fundi wa bodi za magari aliyestaafu, alikuwa ametambua ni wa gari gani hata kabla ya salamu.

"Mama, gari hilo halitengenezeki. Limekaa muda gani?"

"Miaka thelathini na moja, baba. Marehemu mume wangu ndiye aliyelifungia bandani."

"Basi sakafu imeliwa na kutu na injini imeshika, haizunguki tena. Mimi nimezigonga bodi hizo mpaka mgongo ukagoma. Nunua jingine linalotembea."

Mama alishusha pumzi, kama mtu aliyekwisha kuwajibu hivyo wanawe wote. "Jingine wanangu hawakuninyima. Hili nililiosha kila Jumamosi, na siku niliyoomba kuliendesha marehemu akachomoa funguo, akasema si la wanawake. Tangu siku ile halikutoka."

Muuguzi akafungua jicho moja; usingizi ulikuwa umeshamuaga.

"Litakuchosha," mzee akasema, safari hii kwa upole.

"Nimeshachoka, baba. Sasa nachagua tu cha kunichosha."

Basi likafunga breki kituo cha mwisho, watu wakaanza kusimama.

"Na leseni unayo?" mzee akauliza, hajakubali bado.

"Somo la kwanza ni Jumatatu," mama akajibu, akatangulia mlangoni.