Bi. Iwadare, Aliyelala Kabla ya Wageni

Tarehe 31 Machi, Bi. Iwadare Sumie atavua kofia yake ya kijani na kustaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuongoza wageni wanaokuja kuoga msitu, yaani kutulia kati ya miti ili mwili upumzike, hapa Hinokizawa. Mimi ni Urata, mkata miti wa kikosi cha kutunza njia za msituni. Nimepewa kazi ya kuandika haya ya kumuaga kwa sababu wenzangu wote walikumbuka ghafla kuwa wana shughuli. Shule niliiacha mapema kule visiwani Goto, kwa hiyo mkikuta kosa, lirukeni kama mnavyoruka mzizi njiani.

Bi. Iwadare alianza kama mpishi wa supu katika nyumba ya wageni. Siku moja kiongozi wa wageni aliteguka mguu, yeye akatolewa jikoni kushika nafasi. Alichojua ni kutembea polepole tu, maana magoti yalikuwa yakimsumbua. Wageni walirudi wakisema hawajawahi kuongozwa vizuri namna hiyo. Supu ikatafutiwa mtu mwingine.

Sifa yake kubwa mnaijua. Huwafikisha wageni chini ya miti ya hinoki, huwatandikia mikeka, huwaambia wafumbe macho na kusikiliza kijito. Kisha hulala yeye, tena kwa kukoroma. Bwana mmoja wa Osaka alilisifu sana "lile somo la kupumua kwa sauti", akarudi mwaka uliofuata na mkewe ili naye ajifunze.

Nilikuwa namcheka. Wageni hupimwa presha na nesi kabla na baada, na hushuka. Mimi nashinda msitu huo huo na yangu ilikuwa inapanda kila mwaka. Vuli iliyopita daktari alisema wazi: isiposhuka kufikia Machi, sishiki tena msumeno wa mashine. Na mama yangu kule Goto anakula kwa msumeno huo.

Bi. Iwadare akasikia. "Urata, Alhamisi asubuhi unakuja na mimi. Shoka liache."

"Mama, huko ndiko ninakoshinda."

"Unashinda ukigombana nako."

Nilikuwa mwanafunzi mbaya. Nikiambiwa nishike mti, nakadiria mbao. Nikiambiwa nisikilize ndege, nasikia daraja linalolia kwa kulegea. Safari moja nilimwacha amefumba macho nikaenda kuzibua mtaro, nikarudi nimelowa hadi kiunoni na presha juu kuliko siku zote. Nesi alicheka mpaka akatafuta kiti. Bi. Iwadare alinipa tonge lake la wali. "Kula, bwana mtaro," alisema.

Alhamisi ya mwisho ya Februari alisinzia mapema, kichwa kikaangukia begani kwangu. Mbele yetu kulikuwa na kibao cha njia kilichong'oka msumari mmoja, kimeinama upande. Mkono uliniwasha kukipigilia. Lakini nikisogea tu, ninamwamsha. Basi nikakaa. Nilikikodolea macho kibao kile mpaka nikakichoka. Theluji ilikuwa inadondoka matawini kidogo kidogo, na chini ya barafu maji yalikuwa yanapita. Nilidhani kijito kile hunyamaza majira ya baridi. Kumbe mashine yangu ndiyo ilikuwa haikipi nafasi ya kusema.

Alipoamka tulikuwa tumechelewa. Aliteremka mlima mbio, magoti yamesahaulika, akinilaumu kwa kutomwamsha, wageni wa saa nne wanamngoja. Nesi akatupima wote wawili. Yangu imeshuka. Yake imepanda.

"Umeniambukiza," alisema.

Tangu siku ile yangu haijapanda tena, na daktari ameniachia msumeno wangu. Kikosi cha njia tumekubaliana kwamba kila Alhamisi mashine zote zitazimwa hadi saa tano asubuhi, na mkeka wako, Bi. Iwadare, utatandikwa pale pale uje ulale. Asante, mama, kwa niaba ya wageni wote, na ya mama yangu mzee kule Goto asiyekufahamu. Tunakutakia usingizi mrefu wenye afya, bila mgeni wa kukukimbiza.

Kile kibao bado kimeinama. Nimekiacha makusudi, niwe na cha kutazama nikisubiri uamke.