Philomena Kathini Nzomo, 1979–2025: Aliyeuliza Kwanza

Tunayemzika leo hapa Lang'ata ni Philomena Kathini Nzomo, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Nzomo na mama Kalondu. Alizaliwa tarehe 3 Machi 1979 nyumbani Mutomo, Kitui. Alikufa kwa kupigwa. Wengine wenu mlikuwepo. Kwa hivyo hatukuandika kwenye programu hii kwamba aliugua kwa muda mfupi, na mimi kaka yake Musembi, niliyepewa kazi ya kusoma, sitasoma hivyo.

Alianza shule ya msingi Mutomo mwaka 1986 na akatoka mwaka 1993, akiwa darasa la nane, kabla ya mtihani. Sababu inajulikana nyumbani, na huku Nairobi aliwaambia wachache. Mwalimu mmoja alimnajisi msichana aliyekaa naye dawati moja. Wazee wa pande zote walikaa chini, wakapatana mbuzi, na mwalimu akapewa uhamisho. Siku mwalimu alipokuwa anaondoka, Kathini alimngojea langoni na mpini wa jembe, akamvunja mkono wa kulia. Alipopelekwa mbele ya baba na mwalimu mkuu hakulia wala hakuomba msamaha. Aliuliza, "Na huko anakohamia, nani atawaambia?"

Akafukuzwa shule. Swali hilo alikuja nalo mpaka mjini.

Alifika Kawangware mwaka 1996 kufanya kazi ya nyumba. Mwenye nyumba alimfuata jikoni asubuhi moja, mke akiwa ameshaenda kazini, akamshika kwa nguvu na kumziba mdomo. Kulikuwa na uji mekoni. Kathini aliumwaga wote kifuani mwake. Alifika kwangu na begi moja na kiatu kimoja, mkono wake mwenyewe umeungua hadi kiwiko. Nilimwuliza kama amelipwa mwezi huo. Akasema, "Huyo ndiye amelipwa."

Akauza viatu vya mitumba pamoja nami kwa miaka michache. Hakuwa mtu wa biashara. Mteja akisema kiatu kina ufa, Kathini alikiangalia na kukubali. Nilimwambia, "Dada, wewe utatufilisi." Akasema, "Kina ufa, Musembi. Wewe huoni?"

Mwaka 2001 alifunga ndoa kanisani Kawangware na Kyalo, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye yuko hapa mbele. Walijaliwa binti mmoja, Yvonne, mwaka 2003. Mwaka 2011 walihamia Kibera, na Kathini akafungua kituo cha kulea watoto pale Mashimoni, karibu na kibanda cha kuuzia maji. Baadaye akaongeza madarasa ya nasari. Wengi wenu watoto wenu wamelala kwenye magodoro yake. Baba akija kuchukua mtoto akiwa amelewa, Kathini alimrudisha kutoka mlangoni: "Nenda. Urudi kesho ukiwa wewe." Mtoto alilala kwa Kathini, akanywa uji wa kwanza asubuhi.

Mlango wenyewe ulitengenezwa na Kyalo, wa chuma, na unafunguka kwa nje ili usiwabane watoto wanaotambaa ndani. Lakini kabla hajauweka, mke wake alimwambia alete kitambulisho na cheti cha tabia njema cha polisi.

"Mimi ni bwanako," Kyalo akasema.

"Najua. Leta kitambulisho."

"Kathini, tumelala kitanda kimoja miaka kumi."

"Watoto hawajalala na wewe hata siku moja, na ndiyo nataka iendelee hivyo. Foleni ya alama za vidole inaanza mapema."

Kyalo alienda. Alirudi vidole vyote vimejaa wino, na alipoweka mlango aliacha alama za wino kwenye fremu. Ziko mpaka leo. Kathini hakukubali zifutwe.

Sasa nifike kwenye jambo lililomuua, na naomba msikilize polepole, kwa sababu lilianza kwa watu kusoma haraka.

Mwaka 2022, katika mkutano wa wenye vituo vya watoto, Kathini alisikia kwamba mahakama hutunza rejista ya watu waliohukumiwa kwa makosa ya ngono. Alirudi nyumbani kama mtu aliyepewa jibu la swali la zamani. Si orodha ya kubandikwa ukutani, na si kitu cha kutumiana kwa simu. Mwenye sababu ya kweli, kama mtu anayetaka kuajiri mwalimu wa watoto, anaandika ombi. Anaeleza yeye ni nani na kwa nini anauliza. Anaweka majina yote ya mtu kama yalivyo kwenye kitambulisho, na namba, maana majina yanafanana na namba haifanani. Ombi linapigwa mhuri wa kupokelewa, mwenyewe anabaki na nakala, halafu anangoja. Ndani ya rejista wamo waliohukumiwa peke yao. Aliyeshukiwa hayumo. Aliyesemwa sokoni hayumo.

Jina la kwanza aliloulizia halikuwa la mtu wa Kibera. Lilikuwa la yule mwalimu wa Mutomo. Jibu lilikuja: hayumo. Nilikuwa naye alipolisoma. Alikaa juu ya godoro la watoto, akasema, "Atakuwaje humo na walipokea mbuzi?"

Tangu siku hiyo hakuiamini rejista peke yake. Aliulizia mahakamani, akataka cheti cha polisi, kisha akapiga simu kila mahali mtu alipowahi kufanya kazi na kuuliza wamama, si mkubwa wa shule. Nilimwambia anajichosha. Mimi napatana na watu kutwa, na ninajua mtu mbaya hana alama usoni. Akaniambia ndiyo sababu anauliza.

Mwezi wa Agosti mwaka huu, Ken Oyoo, mwalimu, mkazi wa Soweto West papo hapo Kibera, aliomba kazi ya kufundisha nasari. Kathini alimweleza utaratibu wake. Ken akatoa kitambulisho na kusema, "Uliza tu, mama. Mwanamume akitaka kufundisha watoto wadogo lazima aulizwe." Kathini akapeleka ombi mahakamani Jumatatu tarehe 1 Septemba. Wakati wa kungoja, Ken alikuwa anasaidia kupaka rangi ukuta, na hakuachwa peke yake na mtoto hata mmoja.

Jumatatu iliyofuata, Kavetsa, mama wa mtoto mmoja wa kituo, alikuja kumchukua mtoto wake akaona ile nakala mezani. Akaona jina la Ken, maneno "makosa ya ngono", na mhuri wa mahakama. Alipiga picha, akatuma kwa wamama wenzake: angalieni watoto wenu. Kavetsa ameruhusu nimtaje. Yuko pale nyuma na amekataa kukaa mahali pengine. Hakuwa na nia mbaya. Alisoma nusu, na swali akalifanya hukumu.

Picha ilizunguka. Ilitoka Mashimoni ikafika Soweto West, ikafika hadi kwangu Kawangware ikiwa na sauti ya mtu nisiyemjua akisema huyu amenajisi watoto wa mahali pengine akakimbilia huku. Kufikia Jumanne tarehe 9 Septemba saa kumi jioni, kundi la watu lilikuwa nje ya kituo. Walikuwa na mawe, fito za ujenzi, tairi la gari na dumu la petroli. Ken alikuwa ndani na brashi ya rangi mkononi. Watoto ambao hawajachukuliwa walikuwa ndani pia, pamoja na Yvonne.

Kathini alitoka nje, akafunga mlango kwa kufuli, akaurusha ufunguo ndani kupitia dirishani. Haya ninayosema nimeyapata kwa Yvonne aliyekuwa dirishani, na kwa Kavetsa aliyekuwa mbele ya kundi.

"Mathe, toa huyo msee," kijana mmoja akasema.

"Kuna watoto ndani. Hiyo petroli ni ya nani?"

"Toa watoto. Yeye tuachie sisi."

"Amefanya nini?"

"Jina lake liko kortini. Cheki mhuri." Akamwonyesha simu.

Kathini aliishika ile simu, akaisoma, akamrudishia. "Hii karatasi niliandika mimi. Mwandiko ni wangu. Soma hapo juu: nimeuliza kama yumo. Hawajajibu."

"Kwa hivyo unajua hana makosa?"

"Sijui. Ningekuwa najua, ningeuliza ya nini?"

Kuna watu walicheka. Kavetsa anasema kwa muda mfupi ilionekana kama mambo yameisha, wengine wakaanza hata kugeuka. Kathini akaendelea: "Akiwa na makosa nitamfunga kamba mimi mwenyewe nimpeleke kituo cha polisi. Nimewahi kumvunja mtu mkono. Lakini kwanza nijue."

Ndipo sauti ikatoka nyuma, "Huyo ni mpango wake wa kando, mpenzi wake. Ndiyo anamficha."

Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili likampata mdomoni. Akachukua mwiko mkubwa wa uji uliokuwa umeanikwa dirishani, na wa kwanza aliyefika mlangoni alipoteza meno mawili. Wa pili Kathini alimpiga mwiko sikioni. Alipigana akiwa na damu kwenye macho. Mtu akampiga magotini kwa fito, akaanguka, na alipokuwa anajiinua mwingine akamwangushia jiwe la kujengea kichwani.

Alianguka mlangoni. Mlango unafunguka kwa nje. Hata wangevunja kufuli, wasingeweza kufungua bila kumburuta Kathini pembeni, na hakuna aliyetaka kuwa wa kumgusa. Watu wenye nguvu ya kuchoma mtu akiwa hai walisimama wakimwangalia mwanamke aliyelala chini. Kisha Kavetsa akatoka mbele, akaketi chini karibu naye, akaweka kichwa chake mapajani na mgongo wake mwenyewe akauegemeza kwenye mlango. Akawaambia, "Nilituma picha mimi. Nianzieni mimi." Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na tairi likabaki.

Kavetsa akamsogeza Kathini pembeni, na Yvonne akafungua kufuli kwa ule ufunguo, mkono ukipitia dirishani. Ken Oyoo alitoka na kumbeba Kathini mgongoni hadi barabarani, akipita katikati ya watu wale wale.

Hospitalini walisema damu imevujia ndani ya kichwa. Jumatano mchana alizinduka kidogo. Mimi na Kyalo tulikuwa kando ya kitanda. Mdomo ulikuwa umevimba, lakini nilimsikia vizuri.

"Wamejibu?"

"Bado."

"Fuatilia."

Hakusema tena. Alifariki Ijumaa tarehe 12 Septemba 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Nilifuatilia. Familia ilitaka kuzika mapema na mimi nikakataa, na nawashukuru kwa kunivumilia. Nilijua tungefika hapa, mtu aangalie waliobeba jeneza na kunong'ona. Mahakamani karani aliniambia jibu huchukuliwa na mwenye ombi. Nikamwambia mwenye ombi yuko mochari, na kama sheria inamtaka yeye mwenyewe, tunaweza kumleta, gari tunalo. Alinitazama, akaenda kwa mkubwa wake, akarudi. Nikaonyesha kitambulisho cha Kathini, ile nakala yenye mhuri na kibali cha mazishi. Alhamisi wiki hii, tarehe 18, nilipewa jibu. Mtu mwenye majina haya na namba hii hayumo kwenye rejista.

Sasa, mimi ni mchuuzi, na siwezi kuwauzia jibu hili kwa zaidi ya lilivyo. Ni neno lile lile waliloandika kuhusu mwalimu wa Mutomo. Hayumo. Mmoja hayumo kwa sababu wazee walipokea mbuzi badala ya kwenda kortini. Karatasi haiwezi kuwatenganisha hawa wawili. Kathini alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa na kazi ya pili, na hiyo nimeimaliza kwa niaba yake. Nimepiga simu Homa Bay, shule mbili alikofundisha Ken. Nimeongea na wamama, si wakubwa. Mmoja aliniuliza kwa nini namwulizia, nikamweleza, akalia, kisha akauliza kama Ken anaweza kurudi kwao.

Na nyinyi ambao mlipatana mambo ya watoto wenu nyumbani, kwa mbuzi au kwa kulipiwa kodi ya nyumba, mnajijua. Mtu wenu hayumo kwenye rejista. Amehamia kwa jirani, na hakuna aliyewaambia. Kupatana ni kazi yangu, na ninawaambia hapo mliuza vibaya.

Vijana wawili wako mikononi mwa polisi. Aliyeangusha jiwe la mwisho hajashikwa. Inawezekana ananisikia. Tutamfuata kwa njia ya dada yangu: jina, namba, korti.

Marehemu ameacha mume, Kyalo, binti, Yvonne, ambaye atafungua kituo Jumatatu, mama, Kalondu, dada, Ndunge na Nduku, mimi kaka yake, na watoto wa Mashimoni ambao leo hawajaletwa, wataambiwa na wazazi wao.

Jeneza litabebwa na ndugu wanne, na upande wa kichwa, Kyalo kulia na Ken Oyoo kushoto. Kuna waliokuja kwangu jana kusema haifai, watu wataongea. Anayepinga aandike ombi, aweke majina yake matatu na namba ya kitambulisho, na aseme anachokijua. Nitangoja hapa kaburini kidogo kabla hatujamshusha.

Kathini, wamejibu. Pumzika sasa. Kuuliza tumebaki nako sisi.