Kiguu na Njia wa Chumba cha Meno

Wengi mliofika hapa leo mlimjua kwa jina la Kiguu na Njia, na hata wanawe walilitumia walipotaka kumchokoza. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa tatu wa baba mwashi na mama muuza mboga, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mkunga akiwa bado njiani. Mama alisema mtoto huyu hakuwa na subira hata ya kungoja kupokewa. Miaka hamsini na tisa iliyofuata haikutupa sababu ya kumbishia mama.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973, ile iliyo nyuma ya soko, na walimu walimpenda kwa sababu ukimtuma chaki anarudi nayo kabla hujamaliza kufuta ubao. Alipokuwa mwaka wa pili wa sekondari baba alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga, na ada ikakosekana. Hakulia mbele ya watu. Wiki hiyo hiyo alikwenda kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, akamwambia anataka kazi na kwamba vifungo anajua kushona, jambo ambalo halikuwa kweli.

Cherehani ndicho kitu pekee kilichoweza kumkalisha kitako. Alishona sare za shule, na baadaye akafungua duka lake katika chumba cha mbele alichopanga. Sketi na suruali zake aliziachia upindo mpana ndani ili mzazi aziteremshe mtoto akirefuka. Mafundi wenzake walimnunia, wakasema anaua soko. Yeye aliwajibu kwamba watoto hawataacha kurefuka kwa ajili ya mafundi.

Tarehe 17 Desemba 1988 aliolewa na mpiga chapa, mwanamume mtulivu kuliko wote tuliowahi kuwaita shemeji. Mke akianza kuzunguka chumba, mume alisogeza kiti kumpa njia, akaendelea kusoma gazeti. Walijaliwa binti na mwana. Shemeji alifariki mwaka 2000, akamwachia watoto, cherehani na kifua kilichojaa maswali juu ya ugonjwa uliomuua, ambayo hakuna aliyetaka kuyajibu.

Hapa kaka yetu mkubwa alitaka tuandike kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, kisha tusonge mbele. Kaka alikuwa anamlinda, na tunamheshimu kwa hilo. Lakini marehemu aliagiza isomwe kama ilivyo: mwaka 2004 alipimwa akakutwa na virusi vya UKIMWI, akaanza dawa, akaishi nazo miaka ishirini na moja. Hakuwahi kuruka hata dozi moja, na alijisifu kwa hilo bila haya.

Kilichomsumbua ni mdomo. Kabla hajaanza dawa fizi zake zilivimba, meno ya mbele yakalegea, na akawa anacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Alipokwenda kwenye chumba cha meno cha hospitali, daktari wa wakati ule alisoma kadi yake, akamwambia mashine imeharibika. Alitoka, akasikia mashine ikinguruma kwa mgonjwa wa baada yake. Hakufoka. Alikaa kwenye benchi la korido hadi jioni, na yeye akampa pole kila mgonjwa aliyetoka, akamwuliza kwa upole kama mashine imepona. Daktari alipofunga mlango alimkuta bado yuko pale, akampa miadi.

Miadi alipata. Nafuu ya bei hakupata, kwa sababu dawa zilikuwa bure lakini jino lilikuwa la mwenye nacho. Akagundua kliniki nzima alikochukulia dawa ilikuwa na wenzake wasioweza kutafuna. Walikula uji tu, au hawakula, wakameza vidonge tumbo likiwa tupu, vikawachefua, wakaviacha. Wauguzi waliwaita wakaidi. Hilo lilimtia hasira ambayo haikumtoka tena. Akajifunga kibwebwe, akawa anafunga duka saa nane mchana ili awahi ofisi za wakubwa kuomba fedha za meno kabla hawajaondoka.

Mwaka 2009 kamati ya wafadhili ilimpa nafasi ya kusema. Alifika na mfuko wa karoti mbichi, akamgawia kila mjumbe moja, akawaomba waile bila kutumia meno. Walicheka. Mwenyekiti alijaribu kweli, akainyonya, akaigeuza upande wa pili, kisha akaiweka mezani akafuta kidevu. Fedha zilitoka mwezi uliofuata.

Sasa tuseme na kosa lake, maana alikataa kusifiwa nusu nusu. Fedha zile zilikuwa za kung'oa tu, kwa kuwa kung'oa ni rahisi, na yeye alizipokea kwa mikono miwili. Alipita nyumba kwa nyumba akiwasukuma watu wakang'olewe. Mwaka ulipoisha, siku ya mkutano wa kliniki, alisimama mbele kuwachekesha kama kawaida yake. Walipocheka akaona vinywa vitupu safu kwa safu, vimeng'olewa hata meno ambayo yangezibwa yakapona. Aliketi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Aliporudi kwa wafadhili aliwaambia:

"Mwenye pesa anatoka hapa na meno, sisi tunatoka na mapengo. Kama hamlipii kuziba na meno bandia, chukueni hela yenu."

Tulimwona ana wazimu. Miezi saba chumba kilikaa bila fedha, na wapo waliomlaani kwa maumivu ya usiku. Naye hakulala. Mwaka 2011 wafadhili wakakubali. Meno yake mwenyewe ya bandia aliyangoja hadi wale aliowapeleka kung'olewa wapate yao, na tulipogombana naye kwa hilo alitia pamba masikioni.

Januari mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka, na wafadhili wakatangaza kwamba Juni wanakunja jamvi. Akiwa wodini, miguu imevimba, aliwakalia kooni wakuu wa hospitali: chumba cha meno kipewe fungu lake katika bajeti, kisiishi kwa huruma za wageni. Muuguzi alimnyang'anya viatu ili asitoke kitandani. Akaenda ofisi ya mganga mkuu peku, na mara hii alirudishwa kwa kiti cha magurudumu.

Alifariki Jumatano tarehe 14 Mei 2025, alfajiri, binti yake akiwa amemshika mkono. Neno la mwisho aliloongea naye vizuri lilikuwa la jana yake jioni. "Wamejibu?" Binti akasema bado, mama. Akafumba macho kwa kuudhika. Tunaumia kwamba hakupata jibu, na hatutajifanya kwamba hatuumii.

Ameacha binti na mwana, wajukuu watatu, kaka mmoja, mdogo wake wa kike anayewasomea haya, na watu wa kliniki ambao hakuwahi kuwatofautisha na ndugu.

Maua hakuyataka. Kamati ya bajeti ya hospitali inakaa Alhamisi tarehe 22 Mei, saa tatu asubuhi, ukumbi wa ghorofa ya kwanza. Aliomba kila atakayemzika afike, mwenye meno na asiye na meno, na asikubali kuambiwa arudi wiki ijayo. Kaka mkubwa amesema atakaa safu ya mbele.

Mungu ampe dada yetu pumziko alilokataa kujipa. Sisi tutapumzika baada ya Alhamisi.