Orest Halushka na Mtu wa Sita

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mnayemsikia ni Wendell Prowse, na kama mko jikoni mnakunywa kahawa, kaeni kidogo. Leo tunamkumbuka Orest Halushka. Orest Halushka alifariki Jumanne hapa hapa Carrow Falls, na jana tulimzika. Alikuwa kocha msaidizi wa timu yetu ya hoki ya barafuni, Nyigu, kwa misimu kumi na mmoja.

Najua wengi wenu mmeshasema moyoni, "Aa, yule wa mtu wa sita." Ndiyo, huyo huyo. Ndivyo mji huu ulivyomwita hadi anaingia kaburini, na leo nina hasira nao, mji wangu mwenyewe. Orest alisubiri miaka kumi na minne mtu mmoja aseme jambo moja. Tutafika hapo. Kwanza mjueni.

Alizaliwa mtaa wa nyuma ya kiwanda cha karatasi, kule ambako theluji inakuwa ya kijivu kabla haijatua. Baba yake alikuwa kiwandani, mama yake akipika kabichi za kuviringa za Kiukraina kwa harusi za nusu ya mji. Orest alicheza beki. Mabao hakuwa akifunga, na hakuwa akijidai kwamba anafunga. Kazi yake ilikuwa kujitupa mbele ya kisahani, kile kijimpira bapa cha hoki, kisifike kwa kipa, na kazi hiyo ilimgharimu goti na meno ya mbele. Mkewe Verna anasema siku ya kwanza kuonana alimcheka waziwazi.

"Nilimwambia, 'Wewe, meno yako yako wapi?'" Verna ameniambia. "Akanijibu, 'Mengine yalibaki uwanjani Thunder Bay, mengine Sudbury. Chagua pa kuanzia kuyatafuta.' Nikasema huyu nitaolewa naye."

Goti lilipokataa kabisa, Nyigu wakampa kazi ya ukocha msaidizi. Akakabidhiwa mabeki. Sasa hoki mnaijua: watano na kipa wako barafuni, wengine benchi, na watu wanabadilishana mchezo ukiendelea. Huyu anaruka ukingo kutoka, yule anaruka kuingia. Makocha wengi hupiga kelele za majina mpaka sauti zinakauka. Orest hakupiga kelele. Alisimama nyuma ya mabeki wake, na zamu yako ikifika alikugusa bega. Bega la kulia, mara moja. Hujaguswa, huondoki benchi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na mabeki wote waliopita chini yake wanaijua. Naomba muishike hiyo, wasikilizaji, maana ndipo kisa chote kilipo.

Msimu ule mnaukumbuka, ingawa mngependa kuusahau. Tuliuanza kwa majigambo. Tukaumaliza tukitambaa. Mpaka siku ya mwisho tulikuwa bado na nafasi moja: tushinde mechi ya nyumbani, tuingie mtoano. Tulikuwa mbele kwa bao moja na mchezo unaelekea kwisha. Mimi nilikuwa juu kabisa kwenye viti vya bei rahisi, mbali mno kuona mambo ya benchi. Nilichoona ni kile mlichoona ninyi. Beki wetu mmoja alikuwa upande wa mbali, amechoka, hajarudi benchi. Ghafla beki mwingine akaonekana barafuni. Kijana Cody Thibeault. Nyigu wakawa sita mbali na kipa. Mwamuzi akanyoosha mkono.

Adhabu. Tukabaki pungufu. Wageni wakasawazisha, na muda wa nyongeza wakatumaliza. Watu wakaanza kutupa vikombe.

Baadaye waandishi wakamzunguka kocha mkuu, Garth Ellingson. Wakamuuliza, "Nani alimwingiza yule mtu wa sita?" Garth akajibu hivi, nayanukuu: "Mabeki ni wa Orest. Muulizeni Orest."

Na Orest hakuulizika. Kwenye timu zetu kocha msaidizi hazungumzi na waandishi. Timu ina mdomo mmoja, na mdomo ule ni wa kocha mkuu. Halafu kuna desturi ya zamani kuliko hiyo: ya benchi yanabaki benchi. Garth alizijua zote mbili. Alimtupia mwenzake lawama huku anajua fika kwamba hawezi kuirudisha.

Siku mbili baadaye ikawa siku ya mifuko. Wachezaji wanakuja kufungasha vitu vyao kwenye mifuko myeusi ya taka, wanapeana mikono, kila mtu anakwenda kwao. Na ofisini juu ndipo walipokuwa wanawatathmini makocha wasaidizi. Hivyo ndivyo meneja mkuu, Bryce Lavallee, alivyotangaza. "Msimu umetuvunja moyo. Tutawatathmini makocha wasaidizi." Kocha mkuu hakutathminiwa. Kocha mkuu aliwekwa mezani awe mmoja wa watathmini. Wazee walisema, kesi ya nyani usimpe ngedere. Hapa ngedere alipewa kiti, akapewa na kahawa.

Makocha wasaidizi walikuwa wawili. Orest wa mabeki, na Neil Sproule wa washambuliaji. Mabeki wa Orest walikuwa miongoni mwa waliofungwa mabao machache kuliko wote kwenye ligi. Washambuliaji wa Neil, hata wapinzani wakiwa pungufu, walikuwa hawaoni goli. Wa mwisho kwenye ligi, jamani. Wa mwisho kabisa! Lakini Neil alikuwa na boti, na kila kiangazi Garth alikuwa ndani ya boti ile anavua samaki. Neil akabaki.

Orest aliingia asubuhi. Verna ananipa yale mumewe aliyomsimulia aliporudi nyumbani. Lavallee alimuuliza, "Orest, nani alimwingiza Thibeault?"

Orest akasema, "Benchi."

"Benchi halina mikono, Orest."

"Basi tulikosea benchi. Sote."

Garth alikuwa ameketi pale pale, upande wa pili wa meza. Anaangalia dirishani.

"Nilimsubiri," Orest alimwambia mkewe. "Verna, nilimpa nafasi. Hata angekohoa ningemwelewa."

Verna alikuwa anakatakata vitunguu. Akaweka kisu chini. "Na wewe mdomo ulikuwa umeuacha wapi?"

"Msaidizi hamsemi kocha wake."

"We mzee! Hiyo ni heshima au ni ujinga?"

"Sijui," Orest alisema. "Ndivyo nilivyofundishwa."

Kabla jua halijazama Orest Halushka hakuwa na kazi. Garth Ellingson aliongezewa mkataba.

Mtaniambia, kwani hakupata timu nyingine? Alitafuta. Alitafuta kila mahali, mpaka ligi za vijana. Kila timu ilifanya kile ambacho timu zote hufanya: ilimpigia simu kocha wake wa zamani. Na kocha wake wa zamani akawa anasema, kwa sauti ya huruma kabisa, "Orest ni mtu mzuri sana. Umakini tu ndio unamponyoka kidogo." Kwisha. Anayekusifia hivyo ni afadhali angekutukana.

Akaishia kwenye duka la shemeji yake, anabadilisha matairi. Kila mwaka theluji ikikaribia foleni inafika barabarani, na kila mwaka kuna mjanja mmoja anateremsha kioo anasema, "Orest, gari langu ni la matairi manne, bwana. Usinifungie sita!" Watu wanacheka. Orest anacheka nao. Kwenye duka la donati msichana wa kaunta alikuwa anamhesabia kwa sauti, moja, mbili, tatu, ili wateja wapate kicheko. Orest alikuwa akinunua nusu dazeni tangu ujana wake. Akaanza kununua tano.

Binti yake, Larysa, alikuwa shule ya sekondari wakati ule. Ameniambia, "Nilirudi nyumbani mdomo umepasuka, nimepigana kwa ajili ya baba. Nikamwambia, 'Baba, sema neno moja tu! Sema si wewe!' Akanifuta damu, akasema, 'Garth atasema mwenyewe. Mpe muda.' Nilimchukia Garth. Halafu nikaanza kumchukia baba." Larysa akaenda zake Calgary, na kwa miaka mingi walikuwa wanasalimiana Krismasi tu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Juzi nilizungumza na Cody Thibeault. Mnamjua, alikwenda akacheza ligi kubwa, akapata jina, akapata kila kitu. Familia imeniruhusu kuyasema haya, na Cody mwenyewe amesema niyaseme.

"Sikuguswa bega, Wendell," Cody aliniambia. "Nilishikwa kola, nikasukumwa mgongoni. Garth alitoka sehemu yake kule kwa washambuliaji, amepagawa, anapiga kelele, 'Nenda! Nenda, wewe!' Orest alikuwa anasubiri yule mwenzetu arudi kwanza. Mimi nimeshaangukia barafuni namsikia Orest nyuma anaita, 'Cody, rudi! Rudi!'"

Nikamuuliza, sasa kwa nini ulinyamaza?

"Siku ya mifuko nilimfuata Orest kwenye maegesho. Nikamwambia napanda ofisini, nawaambia ukweli. Akanishika mkono. Akasema, 'Una miaka ishirini na moja. Ukimsema kocha mkuu leo, hakuna timu itakayokugusa. Nenda nyumbani ukafanye mazoezi.' Nikaenda. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa sababu alinikataza. Iliyobaki nilinyamaza kwa sababu ilinifaa."

Angalau yeye amesema.

Narudia, kwa wale mliofungua redio sasa hivi. Orest Halushka hakumwingiza mtu wa sita. Aliyemwingiza mtu wa sita ni Garth Ellingson. Orest Halushka ndiye aliyekuwa anamwita arudi.

Vuli iliyopita Orest akaambiwa ana saratani ya mapafu, na kwamba haina tiba. Larysa akarudi kutoka Calgary, akahamia chumba chake cha zamani. Mgonjwa hakuwa anaomba mambo makubwa. Alitaka chai, alitaka mechi kwenye redio, na kila simu ilipolia alikuwa anageuza kichwa. Larysa akaelewa. Akamtafuta Garth, ambaye siku hizi ni mshauri wa timu kule Toronto.

"Nilimwambia, 'Mzee Garth, sikutafutii makosa. Njoo ukae naye dakika chache umwambie. Hata kwa simu. Hakuna atakayejua.' Akaniambia, 'Larysa, mwanangu, nampenda sana baba yako. Nitakuja msimu ukiisha.'"

Msimu unaisha Aprili. Daktari alikuwa amesema Orest hatafika Machi, na Larysa alimwambia Garth hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Larysa alifanya kosa moja, nalo ni la mapenzi. Alimwambia baba yake kwamba Garth anakuja. Orest akaomba anyolewe. Akaomba shati la kola. Alikaa na shati lile kwenye kiti cha dirishani siku nyingi, mpaka hakuweza tena kukaa. Jumanne asubuhi akafariki. Theluji ilikuwa inaanguka, na Garth Ellingson alikuwa uwanjani Toronto anaangalia mazoezi.

Jana kanisani lilikuja shada kubwa kuliko yote, maua ya njano na utepe mweusi, rangi za Nyigu. Larysa alilichukua, akalitoa nje, akaliacha kwenye theluji karibu na mapipa. Wapo waliosema hiyo si adabu. Mimi nilimfungulia mlango.

Alhamisi Garth alinipigia simu. Alitaka nisome salamu zake katika kipindi hiki. Salamu zenyewe ni hizi: "Orest alikuwa mtu mwaminifu, mwenzangu wa kweli." Nimezisoma. Kwenye simu ile nilimuuliza, "Garth, wewe ndiye uliyemsukuma Cody?"

Akasema, "Wendell, mtu ameshafariki. Tuache mambo ya zamani."

Nikamwambia si ya zamani kwa mkewe.

Akasema, "Mbona Orest mwenyewe hakuwahi kulalamika?"

Nikakata simu. Kama kuna mkuu wangu wa kazi anasikiliza, ndiyo, nilimkatia mgeni wa kipindi.

Wasikilizaji wapendwa, nawapa pole Larysa, duka zima la matairi, na mabeki wote waliowahi kuguswa bega na Orest Halushka. Mji wa Carrow Falls siupi pole, haustahili. Naomba usiku huu kila mmoja wetu ajiulize kama kuna mtu amebeba lawama yake. Kama yupo, na kama bado anapumua, asisubiri msimu uishe. Avae koti, aende leo, barabara zimeshafagiliwa theluji.

Na Verna, pole sana, dada yangu. Nakupa pole nikijua hunisikii. Jana, wasikilizaji, ukumbini chini ya kanisa, nilimweleza Verna kwamba leo nitasema yote hewani, nitamsafisha mumewe mbele ya mji mzima. Alikuwa anafunika vyakula vilivyobaki. Hakuinua kichwa.

"Sitafungua redio," aliniambia. "Mimi nilikuwa najua, Wendell. Aliyekuwa anataka kusikia, mmemzika asubuhi."