Ugonjwa Tuliouita Ulevi: Maisha ya Mwalimu Talitha Numbi (1961–2025)

Pasta, wazee, na ninyi wote mliokuja, hata mliotoka Kabondo-Dianda na vumbi la njia nzima mwilini: mimi ni Éphraïm Mulongo, mdogo wa marehemu. Kazi hii ya kusoma maisha yake sikuiomba. Alinipa yeye mwenyewe, na mtaelewa kwa nini.

Mwalimu Talitha Numbi alizaliwa hapa Kamina tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa Baba Isaïe Mulongo, karani wa stesheni ya reli, na Mama Lydie Kabange, mkulima. Alisoma Kamina, akapata diploma ya ualimu Juni 1980, na Septemba hiyo hiyo akapewa darasa la kwanza. Hakuliacha mpaka 2018. Wengi wenu hapa aliwashika mkono mkiandika herufi ya kwanza, na mnajua alivyokuwa mkali wa mwandiko. Nilipokuwa chuoni Lubumbashi nilimwandikia barua ya kuomba viatu. Viatu vilikuja, na barua yangu pia, imesahihishwa kwa wino mwekundu.

Tarehe 4 Agosti 1984 alifunga ndoa na Mwalimu Manassé Nkulu wa Malemba-Nkulu. Walipata watoto watatu, na nyumba yao ilikuwa na kicheko kingi. Baba Manassé alifariki mwaka 2007. Watoto walikuwa mbali kwa masomo, akabaki peke yake.

Mwaka 2009 alianza kukonda. Alikunywa maji kila wakati, hata darasani, na kutoka nje mara kwa mara. Tuliona. Tulisema ni huzuni ya ujane, na wengine walisema ujane umemfundisha chupa. Jumapili tarehe 18 Oktoba alisimama kanisani kusoma Neno, akayumba, akachanganya maneno, akashika nguzo. Mimi, mzee wa kanisa, nilimkimbilia. Pumzi yake ilinukia matunda yaliyochacha. Nilisema juu ya dada yangu mkubwa, na safu tatu za mbele zikasikia: "Yaya alikunywa lutuku, ile pombe kali."

Tulimpeleka nyumbani, tukamlaza, tukafunga mlango. "Alale, itamutoka," niliwaambia majirani. Jumatatu baraza la kanisa lilikaa, nami nikiwemo, likamtenga na meza ya Bwana kwa sababu ya ulevi. Tulipokuwa tunaandika hayo, yeye alikuwa anatapika na kuhema kama mtu aliyepanda mlima. Jirani yake, Mama Kapinga, ndiye aliyefungua ule mlango Jumanne asubuhi, akamfikisha kituo cha afya kwa pikipiki.

Muuguzi Kabongo aliinusa harufu ile ile niliyoinusa mimi. Lakini yeye aliuliza: anakunywa maji kiasi gani? Amekonda tangu lini? Kisha akamtoboa kidole, akapima. "Hii haiko pombe," alisema. "Hii njo ugonjwa wa sukari. Kama mungechelewa tena siku moja, mungekuwa kwa kilio." Sukari ilikuwa imepanda mno hadi damu yake ikaharibika, na harufu ilitoka humo. Pua yangu haikudanganya. Ni mimi sikuuliza kitu.

Alipopona, tulisema barazani kwamba ugonjwa ni ugonjwa, lakini lililoandikwa limeandikwa, na njia ya kurudi ni toba. Basi Pasaka ya 2010 Mwalimu Talitha alisimama mbele ya kanisa akatubu ulevi ambao hakuwahi kuuonja, kwa kuwa aliitamani meza ya Bwana kuliko kushinda mabishano. Mimi ndiye niliyempa mkono wa kumpokea. Nimeona haya tangu siku ile.

Baada ya hapo alifundisha hata wakubwa: wamama wa kanisa, vijana wa pikipiki, yeyote aliyekubali kuketi. Aliwaambia: mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, mkimbize kwa muuguzi. Mdomo ukipinda na mkono ukilegea, ni kiharusi: tazama saa, usingoje. Mgonjwa wa kisukari akitetemeka na kutoka jasho, kama bado anaweza kumeza, mpe sukari haraka. Siku moja sokoni alimkuta Papa Xavier akiyumba, akamnywesha maji ya sukari. Papa Xavier alikuwa amelewa kweli kweli, na kesho yake alirudi kuomba sukari nyingine. Tulimcheka sana. Yeye alijibu: "Afazali miye nipe mulevi sukari, kuliko niite mugonjwa mulevi." Sisi wazee tuliacha kucheka.

Asubuhi ya tarehe 11 Juni mwaka huu, kikombe cha chai kilimponyoka. Binti yake Ève aliona mdomo umepinda, akatazama saa: ilikuwa saa moja na dakika kumi. Safari hii hakuna aliyesema alale kwanza. Saa moja na nusu alikuwa hospitali. Madaktari walifanya yote waliyoweza, lakini mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Ulimi ulikuwa mzito, akili nzima. Siku ya tatu aliniita. Nilipiga magoti nikaomba msamaha niliouchelewesha miaka kumi na mitano. "Nilikusamehe zamani," alisema polepole. "Lakini bantu habajue ukweli. Utasoma weye. Na ile mwaka usiruke." Alitutoka Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa nane mchana, akiwa na miaka sitini na minne.

Anaacha watoto watatu, Ève, Béni na Isaïe, wajukuu saba, jirani yake Mama Kapinga, na mdogo mmoja. Mbele ya kaburi hili, huyo mdogo analiomba baraza lifungue daftari lake. Pale nilipotia sahihi yangu chini ya neno ulevi, paandikwe kisukari, nami nitatia sahihi tena mbele ya kanisa lote.

Yaya, haukunywaka pombe. Ile toba ilikuwa yangu. Pumzika na amani.