Salamu za Fundi Mstari

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Nilitaka kuanza kwa utulivu, lakini moyo bado unanienda mbio. Fundi wetu wa kompyuta hayupo. Jumatatu tulicheka naye hapa hapa studio. Jumanne asubuhi akawa marehemu. Mpaka sasa sijaamini.

Sote tulimwita Fundi Mstari. Kompyuta zetu zinatumia mfumo uitwao Linux, na zikiwaka huandika mistari kwenye skrini. Ndani yake kuna programu inayoita vifaa kimoja kimoja, kama mwalimu anayeita majina darasani: diski, kadi ya sauti, kibodi. Kifaa kisipoitika, kompyuta hugoma na skrini hujaa makosa. Sisi tulikimbilia mstari wa mwisho. Yeye alikataa.

"Wa mwisho ni kilio tu," alizoea kusema. "Nisomee kosa la kwanza. Hapo ndipo panapouma."

Basi akatuwekea sharti. Ukimpigia simu, hakuna salamu. Unasoma mstari. Kisha anauliza, mmegusa nini? Na sisi, watu wazima na ndevu zetu, tunajibu kwa kauli moja kwamba hatujagusa kitu. Anacheka. Kompyuta ikishawaka ndipo anasema, haya sasa, hamjambo? Salamu zake zilikuja mwisho, na zilikuwa ndefu: mama anaendeleaje, mtoto kapona, mguu wa shemeji vipi.

Jumanne hiyo, kompyuta inayorusha matangazo iligoma. Redio ikawa kimya. Mtayarishaji wetu, dada asiyejua kusubiri, akampigia fundi. Simu ikapokelewa, akaiweka kwenye spika tusikie sote. Naye, kama tulivyofundishwa, akasoma: diski haijapatikana, muda wa kusubiri umekwisha. Akasoma tena. Ndipo sauti ya mwanamke ikajibu polepole.

"Mwenzenu amefariki, mwanangu. Amekunywa chai, akaegemea kiti, basi."

Mtayarishaji alikaa sakafuni, simu ingali mkononi. Tulikuwa tumemsomea mjane makosa ya kompyuta, na mumewe bado yuko pale kitini. Aibu ilitushika, na uchungu juu yake.

Mjane huyo, tunayemwita mama, ndiye aliyeendelea kusema. Kaka mkubwa wa marehemu anaishi mbali, simu yake haipatikani, lakini kutwa huisikiliza redio hii. Bila tangazo letu, mdogo wake angezikwa yeye hana habari. Kwa hiyo redio lazima irudi. Halafu akatuuliza, "Mmegusa nini?"

Safari hii hakuna aliyekana. Mtangazaji wa michezo akanyoosha mkono. Alikuwa amehamishia waya wa diski ya matangazo kwenye tundu lingine la kompyuta, ili achaji simu yake. Fundi aliifundisha kompyuta kuitambua diski hiyo kwa tundu lake. Ukiichomeka tundu lingine, inakuwa mgeni. Mama alikuwa ameyasikia hayo mezani kwake miaka nenda rudi. Akatuambia tuirudishe palepale, tuwashe upya.

Tukairudisha. Mistari ikapita, diski ikaitika. Redio ikarudi hewani, na tangazo la kwanza kusomwa lilikuwa la kifo chake. Simu ilikuwa bado haijakatwa. Tukamsikia mama akivuta pumzi.

"Haya sasa," akasema. "Hamjambo?"

Hakuna aliyeweza kuitikia.

Kaka mkubwa alilisikia tangazo. Alifika na vumbi mpaka kwenye nyusi, akawahi kutia mchanga kaburini. Alituambia kwamba mwanzoni alidhani tunatania.

Watu husema kazi ya Mungu haina makosa. Leo nayasema maneno hayo kwa shida. Poleni sana watoto wa marehemu. Pole, kaka mkubwa. Nanyi mnaonisikiliza, yupo mtu mliyezoea kumpigia mkiwa na shida tu. Mpigieni leo. Mwulizeni hajambo, kisha mngojeni ajibu.

Na wewe mama, ulituuliza tukashindwa kuitikia. Tunaitikia sasa, studio nzima: hatujambo, mama. Wewe hujambo?