Nani Kaigusa Baiskeli ya Mzee Tak?

Wasikilizaji wapendwa, kama umesimama, tafuta pa kukaa. Hili la leo hutaliamini. Mimi mwenyewe nilipohadithiwa nilisema, hapana, hapa mnanitania. Kumbe kweli tupu. Na limetokea hapa hapa mjini Sangju, barabara ya nyuma ya soko, pale ambapo wengi wenu mmepita juzi tu.

Leo tunamkumbuka Mzee Tak Man-seop. Miaka sabini na minane. Mkulima wa matunda ya persimoni. Mume wa Bi Eom Bun-nam, baba yake Yeon-ju. Mzee Tak wa baiskeli nyeusi. Umeshamkumbuka? Eeh, huyo huyo.

Sasa sikia. Mzee Tak hakukubali fundi aiguse baiskeli yake. Hata kujaza upepo. Alikuwa na sababu.

Yeon-ju alipokuwa mtoto, darasa la pili hivi, baba yake alipeleka kibaiskeli chake kwa Mzee Guk, mwenye duka la baiskeli lililotazamana na nyumba yao. Gurudumu la mbele lilikuwa linacheza. Mzee Guk akalifungua, akalirudisha, akasahau kukaza nati moja. Moja tu, jamani! Mtoto akafika katikati ya mteremko, gurudumu likachomoka. Kidevu kikapasuka. Kovu analo mpaka leo.

Siku ile Mzee Tak alienda kununua spana zake mwenyewe. Watu wakamwambia, mzee, fundi ni fundi, kosa hutokea. Akawajibu, "Fundi ana baiskeli ishirini mbele yake. Mimi nina mtoto mmoja. Nani atakaza vizuri zaidi?"

Niambie, utambishia nini mtu kama huyo?

Na alikuwa anajua, msidhani. Anatandika magazeti uani, anapindua baiskeli chini juu, mnyororo anaufuta pete kwa pete. Waya wa breki akishaukata, ncha yake anaizungushia kipande cha mpira wa tairi la ndani, chekundu. Hiyo ndiyo sahihi yake. Miaka yote hiyo.

Mzee Guk akafariki. Duka likabaki kwa mwanawe, Guk Sang-hyeok, aliyemwita Mzee Tak kaka. Mzee Tak akirudi kutoka shambani lazima apunguze mwendo mbele ya duka amchokoze.

"Wewe nusu nati! Leo umemwangusha mtoto wa nani?"

"Bado sijafungua vizuri, kaka. Ngoja nipate wa kwanza."

"Njoo uone breki za mwanaume!"

"Mikono yako dhahabu, kaka. Mimi hapa nabahatisha tu."

Wanacheka wote wawili. Lakini mmoja, wasikilizaji, yule fundi, alikuwa anacheka huku kameza jiwe.

Kwa nini? Kwa sababu uzee ulikuwa umeshamwingia Mzee Tak. Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Jicho moja likaanza kuingia ukungu. Bi Bun-nam ndiye aliyeona kwanza. Amenisimulia mwenyewe, na ameniruhusu niliseme hili hewani. "Nilikuta raba za breki kazifunga nyuma mbele," anasema. "Nikamwambia, Baba Yeon-ju, si uipeleke tu hapo ng'ambo? Akachukua spana zake, akarudi uani. Hakutaka hata kusikia."

Basi Bi Bun-nam akatafuta njia yake. Kila Jumamosi asubuhi Mzee Tak anakwenda kwa miguu bafu la mtaa. Mnawajua wazee wetu na yale maji ya moto. Anajiloweka, anasuguliwa mgongo, anasinzia, anarudi saa ya chakula cha mchana. Jumamosi moja mama akaikokota baiskeli, akavuka nayo barabara.

"Shemeji," Sang-hyeok akashtuka, "kaka akijua atanivunja miguu!"

"Hatajua. Kaza tu."

"Na nikikaza ataona mkono wa mtu mwingine."

"Kwa hiyo niache mume wangu afe?"

Sang-hyeok akakaza. Kisha, sikilizeni hapa, akaichafua! Akachukua grisi ya zamani, akapaka pale alipopasafisha. Akakata mpira mwekundu, akauzungushia kwenye ncha ya waya, vile vile kama mzee. Akasema, "Baba yangu alisahau nati moja kwenye nyumba ile. Acha mimi nizikaze zilizobaki."

Miaka minne. Kila Jumamosi. Mzee anaoga, mama anavuka barabara, fundi anakaza na kuchafua. Miaka minne, Mzee Tak hajui lolote.

Na hapo ndipo penye kidonda. Zamani, ule mteremko wa shambani, Mzee Tak alikuwa anashuka na kuikokota baiskeli. Mtu makini. Lakini breki zikawa zinashika vizuri mno! Akawa anaushuka akiwa ameipanda. "Naona nazeeka kila mahali isipokuwa mikononi," akamwambia mkewe, kafurahi kama kijana aliyeposa. Mama akacheka naye. Angefanya nini?

Mwezi wa kumi na moja, mama yake Sang-hyeok akazidiwa na ugonjwa huko mjini Daegu. Sang-hyeok akafunga duka ghafla, akaondoka. Ijumaa ya wiki hiyo, Mzee Tak akabadilisha waya za breki zote mbili, mbele na nyuma. Anapiga mluzi. Mkono unatetemeka, anapiga mluzi.

Jumamosi mama akavuka na baiskeli. Duka limefungwa. Akagonga. Akasubiri. Akapiga simu, haikupokelewa. Kumbe Sang-hyeok alikuwa kando ya kitanda cha mama yake. Bi Bun-nam akairudisha baiskeli uani, akaisimamisha vile vile ilivyokuwa.

Mzee akarudi, mashavu mekundu kwa maji ya moto.

"Mama Yeon-ju, nifungie persimoni zile zilizolainika. Nampelekea mwanao kule ng'ambo ya mashamba."

"Panda basi leo, Baba Yeon-ju. Kuna baridi."

"Basi? Na breki hizi? Unataka Sang-hyeok anicheke?"

"Hayupo hata wa kukucheka."

"Basi nitajicheka mwenyewe."

Bi Bun-nam anasema neno lilimfika mpaka kwenye meno. Akamtazama mumewe anavyovaa kofia, kafurahi. Akalirudisha. Akasema tu, "Polepole."

Mteremko ule ule wa njia ya shambani. Kwenye kona, waya wa mbele ukachomoka kwenye skrubu yake. Wa nyuma ukafuata. Mzee akaangukia mtaro wa zege. Wapita njia wakamkuta na fahamu zake, persimoni zimepasuka barabarani.

Hospitali. Yeon-ju amefika, amesimama mlangoni. Mama ameshika mkono wa mzee. Na mzee, kwa sauti ya taabu, anauliza kitu kimoja tu. Hakuuliza nitapona. Hakuuliza niko wapi.

"Nilikaza mwenyewe. Nani kaigusa baiskeli yangu?"

Wasikilizaji wapendwa, nisikilizeni vizuri. Hiyo ndiyo wiki pekee ambayo hakuna mkono wa fundi ulioigusa. Ndani ya miaka minne, hiyo tu.

Bi Bun-nam akajibu, "Mimi."

"Wewe?"

"Niliisogeza nifagie. Nikavuta waya. Nisamehe."

Mzee akafumba macho. Akapapasa mpaka akakipata kidole cha mkewe. "Ungeniambia tu, Mama Yeon-ju," akasema. "Ningekaza tena."

Alfajiri akafariki. Ameondoka akijua mikono yake haikumwangusha.

Lakini Yeon-ju alikuwa mlangoni. Alisikia, akaamini. Siku mbili za msiba hakumtazama mama yake usoni. Na mama hakujitetea. Hakula. Alikaa chini ya picha ya mumewe, bakuli la supu linapoa mbele yake, wanalibadilisha, linapoa tena.

Siku ya pili jioni, Sang-hyeok akaingia kutoka Daegu. Akasujudu mara ya kwanza mbele ya picha ya marehemu, kama ilivyo desturi yetu msibani. Mara ya pili hakuinuka. Akalia paji likiwa sakafuni, akasema yote. Bafu. Jumamosi. Grisi. Mpira mwekundu. "Shemeji hakuvuta waya wowote," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa sipo."

Yeon-ju akaenda kukaa karibu na mama yake. Akachukua kipande cha nyama kwenye supu, akakiweka juu ya wali wa mama. Na mama akala.

Ile baiskeli iko dukani kwa Sang-hyeok. Ameinyoosha yote. Safari hii hakuipaka grisi ya zamani. Inang'aa, maana hakuna tena wa kumficha.

Kwa Bi Eom Bun-nam, kwa Yeon-ju, na kwa Guk Sang-hyeok, ambaye kwangu naye ni mfiwa: poleni sana. Mji mzima uko nanyi.

Na wewe unayenisikiliza, mtazame huyo mzee wako nyumbani anayeshika spana kwa mkono unaotetemeka. Fikiri. Ungemwambia mapema, umvunje moyo akiwa hai? Au siku ile pale kitandani, anakushika kidole, anakuuliza nani kaigusa baiskeli yake, wewe ungemjibu nini?